Kikao Kisichokaliwa

Katika vikao vyote vya Umoja wa Wafuga Nyuki, Zuhra Athuman alikuwa hajawahi kufika mwisho wa hoja yake. Akianza kusema, mwenyekiti humtazama juu ya miwani na kumuuliza, "Katibu, hilo la mwanzo umeliandika?" Basi anarudi kuandika. Watu wazima wenye akili zao timamu waliizunguka meza wakinywa chai, wakibishana juu ya ndoo mbovu na wezi wa mizinga, na yeye peke yake ndiye aliyeinamia kaunta buku. Mwandiko wako mzuri, walimwambia. Alipoolewa waliendelea kumwambia hivyo. Alipojifungua walimsubiri arudi wamwambie tena. Ajabu ni kwamba hapakuwa na mwanamume hata mmoja pale ambaye mwandiko wake uliwahi kuwa mzuri.

Ofisi ya Umoja ilikuwa chumba kimoja Kasulu mjini, karibu na soko. Vikundi wanachama vilikuwa Nyakitonto, Rungwe Mpya na Mabamba, hiki cha mwisho kikiwa mbali kabisa, wilaya ya Kibondo, mpakani na Burundi. Kikao kikikaliwa Jumamosi, Jumapili ya Zuhra ilikwenda na maji. Alikaa nyuma ya duka la baba yake akisafisha muhtasari, kuuchapa, kuutuma, na kupokea simu za watu wanaolalamika kwamba hawakusema walichosema.

Aliyemfungua macho ni Firdausi, binti wa mama yake mdogo, aliyekuwa akifanya kazi kwenye ofisi moja Kibondo. Alikuja Kasulu kwa harusi, akamkuta Zuhra na kaunta buku lake.

"Vikao vyenu mnaviweka kwenye kalenda ya simu?" Firdausi aliuliza.

"Mwenyekiti anaviweka. Kila mtu anapata mlio."

"Sasa kwa nini unaandika tarehe na majina kwa mkono? Kalenda inavijua vyote hivyo."

Wakakaa na laptopu mezani. Firdausi akamwonyesha huduma moja ya mtandaoni inayounganisha kalenda na nyaraka. Zuhra alikuwa ameshajiandaa kusema kwamba yeye hakusomea kompyuta, lakini hapakuwa na lugha ya kompyuta ya kuandika. Ulichagua tu: kikitokea hiki, fanya kile. Kikao kipya kikiwekwa kwenye kalenda, nakili karatasi mama, ile ya mfano yenye nafasi tupu; ipe jina la kikao; weka tarehe na mahali; chini ya neno "Walioalikwa" panga majina; chini ya neno "Ajenda" weka maelezo aliyoyaandika mwenye kuitisha; mwisho kabisa weka "Imeandaliwa na Zuhra Athuman, Katibu"; kisha mtumie kila mmoja. Jaribio la kwanza mwezi ulitangulia siku kwa mtindo wa Wamarekani. La pili majina yote yalibanana mstari mmoja kama mkufu. Jua lilipopinda, karatasi ilitoka safi.

Kikao kilichofuata, watu walifika wakaikuta karatasi inawasubiri kwenye simu zao. Zuhra akawaambia kwamba kila mwenye hoja ataandika mwenyewe, mstari mmoja, mahali pake. Wakaguna, wakaandika. Naye akainua kichwa, akaongea juu ya wanaotumia moshi wa plastiki kufukuzia nyuki, akaongea mpaka akamaliza. Mwenyekiti alimtazama kama vile kabati la ofisi limefungua mdomo.

Mwenyekiti huyo aliitwa Kipriani, mwalimu mstaafu, mtu wa suti ya kaki na sauti ya darasani. Mwanzoni hakuupenda mpango ule. Baada ya muda akaupenda kupita kiasi, akawa anauonyesha kwa kila mgeni. Siku moja akamwomba Zuhra amruhusu kuigusa ile karatasi mama. "Lugha yake ina makunyanzi kidogo," alisema. "Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote." Zuhra akamruhusu. Kuna ubaya gani mwalimu wa Kiswahili kunyoosha Kiswahili?

Ulipofika msimu wa kurina, mizinga imejaa na kila mtu yuko porini, simu ilitoka Mabamba. Aliyepiga alikuwa Ininahazwe, kiongozi wa kikundi cha kule, mama wa makamo ambaye wengi walimwita Mama Aline kwa jina la bintiye. Hakusalimia.

"Katibu, hebu nikumbushe. Alhamisi ile nilipokuwa Kasulu, mlinipa kula nini?"

"Mama, hukuja Kasulu Alhamisi."

"Mimi pia najua sikuja. Nilikuwa namzika wifi yangu, Mabamba yote iliniona. Lakini hapa wamekuja watu na pikapu, wamefungua mashine yetu ya kukamulia asali, wameipakia. Nimewauliza kwa ruhusa ya nani. Wamenipa karatasi. Karatasi inasema mimi na mwenzangu Ndayisaba tulihudhuria, na tukaazimia mashine ihamie Kasulu. Chini kuna jina lako."

"Mashine iko wapi sasa?"

"Nakuambia imeondoka. Vumbi lao bado naliona."

Alifungua laptopu. Kweli ilikuwepo: Kikao cha Dharura, Alhamisi, Ofisi ya Umoja, Kasulu. Waliohudhuria: Kipriani, mwenyekiti; Hashimu, mweka hazina; Ininahazwe na Ndayisaba wa Mabamba; wajumbe wa Nyakitonto; wajumbe wa Rungwe Mpya. Na Zuhra Athuman, katibu. Zuhra, ambaye Alhamisi hiyo alishinda Nyakitonto akikagua mizinga mipya, akarudi na uso umevimba kwa kuumwa na nyuki. Aliusikia mlio wa kalenda akiwa kule, lakini hakuna aliyempigia kumwuliza yuko wapi, akadhani kikao kimeahirishwa, na karatasi yake hakuifungua. Maazimio: mashine ya Mabamba ihamishiwe Kasulu mara moja.

Alirudi kwenye karatasi mama, akaiona kazi ya mwalimu wa Kiswahili. Yalikuwa yamebadilishwa maneno mawili tu. Palipoandikwa "Walioalikwa" sasa paliandikwa "Waliohudhuria". Palipoandikwa "Ajenda" paliandikwa "Maazimio". Basi. Toka siku hiyo, kila aliyealikwa na mwenyekiti alikuwa amekwisha kuhudhuria, na kila alichokitaka mwenyekiti kilikuwa kimekwisha kuazimiwa, na yeye Zuhra alikuwa amekwisha kukitia jina lake, hata kabla mtu hajavuta kiti.

Hakungoja kesho. Jioni, aliposikia pikapu imeingia mjini, alijitanda ushungi, akatoka. Mwenyekiti alikuwa ofisini pamoja na Hashimu, mweka hazina. Kwenye kona ya chumba, ikiwa bado imefungwa kamba, ilisimama mashine ya Mabamba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, katibu. Umekuja wakati mzuri, tutafute fundi wa kuifunga hii."

"Kikao cha Alhamisi kilikaliwa wapi?"

"Kiko kwenye kalenda."

"Nimeuliza kilikaliwa wapi."

Kipriani akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya tai. "Zuhra, wewe ndiye uliyetufundisha. Ukiweka kikao, muhtasari unajitengeneza. Nimeweka kikao, muhtasari umejitengeneza. Sijaghushi sahihi ya mtu."

"Umeandika kwamba Mama Aline alikubali."

"Imeandika kompyuta."

"Kompyuta haimjui Mama Aline, Mwalimu. Haimjui hata wewe. Imeandika ulichoiwekea."

Hashimu alikuwa ameizamisha pua yake kwenye simu. "Tusilikuze jambo," alisema bila kuinua macho. "Haya ni ya kuzungumza taratibu, ndani kwa ndani."

"Na wewe umeandikwa ulikuwepo," Zuhra akamgeukia. "Ulikuwepo?"

"Sikiliza," Kipriani alisema kwa ile sauti ya kumwelewesha mtoto mzito. "Kuna wageni wanatoka Dar es Salaam. Wanataka kuona tunavyochakata. Unataka tuwapeleke Mabamba, wale vumbi njia nzima, waikute mashine kwenye kibanda cha bati? Hapa mjini ni dakika chache kutoka hotelini. Picha zitapendeza. Wageni wakiridhika, faida ni ya wote, hata ya hao wa Mabamba. Na wangekubali tu. Wale huwa wanakubali. Tangu lini wamekataa kitu?"

"Tangu lini wameulizwa?"

"Wale tuliwapokea kutoka Burundi, Zuhra. Mtu aliyepokelewa hachagui pa kukaa."

Ya kumjibu yalimjia Zuhra mengi kwa pamoja. Ininahazwe alikuwa raia kama Kipriani, mwenye kitambulisho kama cha Kipriani, na asali yake ndiyo iliyokuwa ikiwekwa kwenye meza ya maonyesho kila mwaka.

"Babu yangu naye alipokelewa hapa Kasulu," alisema. "Alikuja kutoka Bagamoyo na bunda la kanga begani. Mbona mimi hujaniambia nisichague pa kukaa? Au bado siku yangu?"

"Usinigeuzie maneno."

"Wewe ndiye mgeuza maneno. Umegeuza mawili tu, na watu wamenyang'anywa mashine msimu wa asali."

Akatoka. Njia nzima alikuwa akiongea peke yake, na muuza mihogo mmoja aliyemjua tangu utotoni akamwuliza kama kuna msiba.

Asubuhi akapanda basi la Kibondo, na kutoka Kibondo akachukua bodaboda mpaka Mabamba. Kwenye kibanda cha kikundi aliwakuta akina mama wanakamua masega kwa mikono, ndani ya vitambaa, asali ikidondoka pamoja na nta na mabawa ya nyuki. Sakafuni ilionekana alama ya duara ilipokuwa imesimama mashine.

"Mwakeye," Zuhra alisalimia kwa Kiha.

Waliitikia kwa midomo tu. Hakuna aliyemsogezea kigoda. Ininahazwe alinawa mikono bila haraka, akaitoa karatasi kwenye pindo la kitenge, akamnyooshea.

"Hili si jina lako?"

"Ni langu, mama. Lakini sikuliweka mimi siku ile. Linajiweka lenyewe."

"Jina la mtu linajiweka lenyewe?"

Alijaribu kueleza, akaona jinsi maneno yake yanavyofanana na ya Kipriani, akakoma. Akatoa simu. Akaweka kikao cha uongo kwenye kalenda, akaandika ndani yake kwamba mbuzi wote wa Kasulu wahamie Mabamba, akamwalika Ininahazwe. Kufumba na kufumbua karatasi ikatoka: Ininahazwe amehudhuria, mbuzi wameazimiwa. Wanawake wakasogea kutazama. Mmoja akacheka, lakini Ininahazwe hakucheka.

"Kwa hiyo hiki kitu kinajua nimeitwa," alisema. "Hakijui kama nimekuja."

"Hakijui."

"Wala hakijui nimesema nini."

"Hakijui, mama."

"Sawa. Basi hasira yangu nisiipoteze kwa simu." Akakaa, na safari hii akamwashiria Zuhra naye akae. "Mimi nimekuja nchi hii mgongoni mwa mama yangu. Tulipokuwa wakimbizi tulipangwa mistari, tukahesabiwa, halafu mtu akasimama mbele akasema hawa wamekubali. Kuhamishwa tumekubali. Kurudishwa tumekubali. Hata majina yetu waliyaandika walivyosikia wao, tukakubali. Siku nilipopokea cheti cha uraia nilisema moyoni, haya yamekwisha. Sasa mtu akitaka neno langu atafika mlangoni, atabisha hodi, ataniomba. Leo nakuta neno langu limetolewa Kasulu wakati mimi namfukia wifi yangu. Oya. Hapana, mwanangu. Hili silikubali."

Zuhra aliinama juu ya simu palepale, nzi waliofuata asali wakimzunguka, akaanza kuirekebisha ile kazi. Akarudisha neno "Walioalikwa". Akaongeza "Waliohudhuria" na chini yake akaacha patupu, pajazwe kikaoni kwa kuitwa jina na mtu kuitika mwenyewe. Akarudisha "Ajenda". Maazimio nayo akayaachia nafasi tupu. Akaliondoa jina lake mwishoni. Kisha akaifunga karatasi mama kwa nywila mbili, asiiguse mtu mmoja peke yake, hata yeye. Nywila ya pili akampa Niyonzima, kiongozi wa Rungwe Mpya, ambaye alipopigiwa na kuelezwa alitukana kwa Kiha.

Katiba ya Umoja ilimruhusu katibu kuitisha kikao akiungwa mkono na vikundi viwili. Mabamba na Rungwe Mpya viliunga mkono siku hiyohiyo. Nyakitonto walisitasita, Mwalimu aliwafundisha wengi wao. Mwishowe wakasema watakuja kusikiliza. Zuhra akaweka kikao kwenye kalenda. Mahali: Mabamba, kwenye kibanda cha bati.

Kipriani alifika amechelewa, na suti yake ya kaki imegeuka nyekundu kwa vumbi. Hashimu alimfuata nyuma. Mwalimu alisalimia kirefu, akawapa pole wafiwa, akaketi kiti cha katikati bila kuambiwa.

"Katibu, andika," akasema.

"Leo siandiki, Mwalimu. Nina la kusema."

Niyonzima akatoa simu yake, akasema ataandika yeye, na akaanza kuita majina kwa sauti. Kila aliyekuwepo aliitika. Kisha Zuhra akasimama. Hakuwa na ufundi wa kuhutubia na hakuutafuta. Alisema kilichotokea, kuanzia ruhusa aliyoombwa mpaka pikapu ilipoondoka, akaonyesha maneno mawili yalivyokuwa na yalivyobadilishwa. Sauti ilimpanda mahali, akaiacha ipande.

"Mimi nilitengeneza kitu cha kutupunguzia kazi ya kuandika," alisema. "Sikutengeneza cha kutupunguzia kazi ya kukutana."

Kipriani alisafisha koo. "Ndugu wajumbe, teknolojia ina changamoto zake. Lilikuwa kosa la mtambo."

Ininahazwe akainuka. "Mwalimu, mimi sikusoma sana, nisaidie. Kwenye kikao kile nilikaa upande gani wa meza?"

Akamsogelea hatua moja.

"Nilivaa kitenge gani?"

Kipriani alikung'uta vumbi kwenye mkono wa suti.

"Nilipokubali, nilisema kwa Kiswahili au kwa Kirundi? Maana nikikubali jambo kubwa hivyo, lazima nilisema kitu."

Mjumbe mmoja wa Nyakitonto, mzee aliyekuja kumtetea mwalimu wake, akaweka kiganja usoni. Hashimu ndiye aliyevunjika. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hakuwepo Alhamisi, na kwamba hapakuwa na kikao, na kwamba alijua tangu mwanzo. Zuhra alimtazama akashangaa jinsi ukweli mfupi namna ile ulivyomchukua mtu mzima muda mrefu kuusema.

Iliazimiwa, na safari hii kwa mikono iliyoonekana, kwamba mashine irudi Mabamba kabla ya wageni kufika. Kwamba mwenyekiti asiitishe kikao peke yake. Na kwamba suala la uongozi lisubiri mkutano mkuu. Wengine walitaka Kipriani aondoke palepale. Nyakitonto wakasema ni mtu mzima, ameshapata aibu, inatosha. Mwenyewe akasimama akasema anaomba radhi kama kuna aliyekwazika. Zuhra alilisikia lile "kama" likimpita mwilini kama mwiba. Watu wakamshika Kipriani mkono, wakamsifu kwa kujishusha. Hakuna aliyemkumbuka Ininahazwe, aliyekuwa ameshatoka nje kuendelea na masega yake, maana mchana ulikuwa unakwisha na ndoo zilikuwa bado.

Mashine ilirudi na koki iliyopasuka. Wakaitengeneza wenyewe. Wageni wa Dar es Salaam nao wakafika, wakala vumbi, na wala hawakulalamika. Walionja asali wakafurahi. Jioni picha zikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la Umoja. Kila picha Kipriani alikuwa katikati, mkono juu ya mashine. Akina mama wa Mabamba walionekana nyuma, migongo tu, wakifanya kazi.

Zuhra alimpigia Ininahazwe. "Mama, umeziona picha?"

"Nimeziona." Kelele za mashine zilisikika nyuma yake. "Nitagombea, katibu. Uenyekiti. Uandike au usiandike, ni shauri lako, lakini jina langu lianze kutajwa."

Likatajwa. Rungwe Mpya walilibeba, na akina mama wa Nyakitonto wakalibeba chinichini mpaka likasikika waziwazi. Kipriani alipoona upepo, akaandika barua kwamba anapumzika kwa sababu za kiafya. Kwenye mkutano mkuu, kabla Ininahazwe hajapigiwa kura na kushinda, ilitangazwa kwanza zawadi ya mwenyekiti anayeng'atuka: blanketi zito na saa ya ukutani. Hashimu ndiye aliyesoma risala, akamwita baba wa Umoja huu, mtu aliyetuingiza kwenye teknolojia. Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Zuhra alibaki kwenye kiti chake, mikono mapajani, akaiacha hapo mpaka makofi yakaisha.